Nishani za Askari Mpanda Farasi

Tunapowakumbuka watumishi wa zamani, inafaa tufikiri kidogo juu ya nishani na maana yake. Tumtazame Adrian Carton de Wiart, aliyezaliwa Bruxelles mwaka 1880, akawa askari mpanda farasi katika jeshi la Uingereza.

Mwaka 1914, vitani Somaliland, alipoteza jicho la kushoto. Mwaka uliofuata akapewa nishani ya DSO. Mwaka 1915 akapoteza na mkono wa kushoto. Julai 1916, huko La Boisselle katika Ufaransa, aliongoza askari wa miguu. Wakuu wa vikosi vitatu vingine walipoanguka, aliviongoza navyo, aking'oa pini za mabomu kwa meno. Ndipo akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya ushujaa inayozipita zote za Waingereza. Ubelgiji nayo ikampa Croix de Guerre, na mwaka 1945 Mfalme George VI akampa cheo cha Sir.

Lakini katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1950, hakuutaja Msalaba ule. Kwa maoni yake, askari wake walistahili sawa naye.

Jambo hilo latugusa sisi pia. Msalaba wake ulitangazwa Septemba 1916, mwezi uleule askari wa Kongo walipoingia Tabora. Maelfu ya wapagazi waliwabebea mizigo. Wengi walikufa njiani pasipo nishani.

Basi, tukiona nishani kifuani pa mzee, tuiheshimu. Kisha tuulize ni akina nani waliotembea pamoja naye.