Tovuti ya kikundi: ni wapi pa kubadilisha, ni wapi pa kuacha

Tangu tuzungumzie kutafuta soko mtandaoni, vikundi kadhaa vimeniuliza swali moja: tukiwa na tovuti yetu wenyewe, kwenye seva tunayoilipia, tunaweza kuibadilisha ikae tunavyotaka? Ndiyo, inawezekana. Ila kuna mabadiliko yanayodumu na kuna yanayokuja kukugharimu, na tofauti yake utaielewa vizuri ukijua ilikotoka. Nitaeleza kwa WordPress, kwa kuwa ndiyo mafundi wengi wanaifahamu.

WordPress ni programu huria. Unaipata bure, unaiweka kwenye seva yako, na leseni yake, inayoitwa GPL, inakuruhusu kuifungua, kuibadilisha na kuigawa. Yenyewe ilizaliwa kwa ruhusa hiyo hiyo. Mwaka 2001 Mfaransa Michel Valdrighi alianza kuandika programu iitwayo b2. Baada ya muda kazi ikasimama, mwenyewe akawa haonekani. Januari 2003 kijana wa miaka 19 huko Texas, Matt Mullenweg, aliandika kwamba kwa kuwa leseni inaruhusu, angeweza kuichukua b2 na kuiendeleza. Mwingereza Mike Little akamjibu kuwa yuko tayari kusaidia. Tarehe 27 Mei 2003 wakatoa toleo la kwanza la WordPress. Ingekuwa programu ya kufungiwa, waliokuwa wanaitumia b2 wangebaki wanamsubiri mwenyewe tu.

Sasa, kubadilisha programu siku zile kulikuwa kuweka viraka. Ukitaka kitu cha ziada, ulipewa maelekezo: fungua faili fulani, tafuta mstari fulani, bandika maandishi haya chini yake. Kilifanya kazi vizuri mpaka toleo jipya litoke. Toleo jipya linakuja na mafaili yake, na ukiyapakia yanafunika yale ya zamani pamoja na viraka vyako. Mwenye viraka kumi alirudia kazi mara kumi, na pengine mstari aliokuwa akiutafuta haupo tena. Wengi wakaona afadhali wabaki na toleo la zamani. Na toleo la zamani lina matundu ambayo wezi wameshayajua.

Dawa ilikuja Mei 2004, kwenye toleo la 1.2. Humo waliweka kitu ninachoweza kukiita ndoano. Programu ikifika mahali muhimu, kwa mfano inapotaka kuonyesha makala au kupokea maoni ya msomaji, inaangalia kwanza kama kuna kitu kimetundikwa kwenye ndoano ya mahali hapo. Kama kipo inakitekeleza, kisha inaendelea na kazi. Hicho kinachotundikwa ndicho plagini, na kinakaa kwenye folda yake, mbali na mafaili ya programu yenyewe. Plagini moja iliyokuja na WordPress inaitwa Hello Dolly. Kazi yake ni kuonyesha mstari mmoja wa wimbo alioimba Louis Armstrong, basi! Lakini ilikuwa fupi, na fundi akiifungua aliona plagini inavyoandikwa. Hiyo ni kama shamba darasa, hata likiwa dogo linafundisha.

Mwezi huo huo programu nyingine iliyokuwa na watumiaji wengi, Movable Type, ilibadilisha masharti ya leseni na bei zake. Watu wengi walikasirika na baadhi yao wakahamia WordPress.

Upande wa sura ulifuata Februari 2005, toleo la 1.5, lililoleta mandhari. Rangi, maandishi, mpangilio wa ukurasa, vyote vikawekwa kwenye folda moja unayoweza kuibadilisha kwa nyingine bila makala zako kuguswa. Wanaobebesha miembe wataelewa haraka: mche wa chini wenye mizizi unauacha kama ulivyo, juu unaweka kikonyo cha aina unayoitaka.

Septemba 2009 ikaonekana nani alikuwa amebaki nyuma. Kirusi kilisambaa na kuingia kwenye tovuti za WordPress zenye matoleo ya zamani. Toleo lililokuwa jipya wakati huo halikudhurika. Kuanzia toleo la 3.7, Oktoba 2013, WordPress ilianza kujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama.

Naeleza yote haya kwa sababu ya kikundi kimoja cha wakulima wa vitunguu ninachokifahamu. Fundi wao alitaka fomu ya oda ionekane ukurasa wa mbele. Badala ya kutumia plagini, aliiandika ndani ya mafaili ya WordPress yenyewe, kisha akazima kusasisha ili kazi yake isifutike. Yaani mwaka 2004 ulikuwa haujamfikia! Tovuti ilikaa hivyo zaidi ya mwaka, mpaka wanunuzi wakibonyeza "weka oda" wakawa wanapelekwa kwenye kurasa za kamari. Mnunuzi mmoja wa mjini alimpigia katibu kuuliza kama kikundi bado kipo au kimeshauzwa.

Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi, muulize mabadiliko yake yatakaa folda gani. Yote yanatakiwa yawe ndani ya folda ya wp-content, ambamo plagini na mandhari hukaa. Kama mandhari mmepakua kwa mtu mwingine, nayo husasishwa na mwenyewe, hivyo mwambie atengeneze mandhari mtoto, folda ndogo inayorithi kila kitu kutoka kwa ile kubwa na kubeba yale mliyobadilisha tu. Akimaliza, kaeni naye asasishe WordPress mbele yenu, mfungue ukurasa, mjaribu kuweka oda moja, ndipo mmalizie malipo.