Kipimo Nilichokitupa

Vita vya Kagera vilipozuka mwaka 1978, hata malori ya raia yalipelekwa kubeba askari. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Malori yakarudi hoi, na fedha za kigeni za kuagizia vipuri zilikuwa adimu.

Hapa Mwanza, Bedford ya shule yetu ilirudi ikichemsha maji. Bomba la shaba la chini ya rejeta lilikuwa limepasuka. Mimi, mwalimu kijana, nikalitupa.

"Mwalimu, umetupa kipimo!" fundi alinikemea.

Tulilisaka jalalani hadi jioni. Akapima upana na mpindo wake, maana mpindo ukikosewa mpira hukunjika na maji hayapiti. Akakunja shaba, akalehemu.

Baadaye, nikiwa mwalimu mkuu, sikukata jibu lenye kosa kabla ya kulisoma lote.