Kuruka Bila Cheti

Mtu aliyetumia umri wake kusahihisha mitihani hupata taabu kuamini kwamba liko taifa kubwa, lenye sheria nyingi kupita kiasi, linalomruhusu raia wake kujifunga injini mgongoni, kukimbia hatua chache uwanjani na kupaa angani bila kuulizwa cheti cho chote. Taifa hilo ni Marekani, na chombo chenyewe huitwa paramota: bawa la kitambaa mfano wa parashuti, kamba nyembamba, kiti cha mikanda, na injini ya petroli yenye pangaboi mgongoni. Magurudumu yake ni miguu ya rubani.

Kisa kilianza kabla ya chombo hiki. Mwaka 1975 John Moody, mtu wa Wisconsin, alifunga injini ndogo kwenye bawa la kuning'inia, lile ambalo watu walizoea kujirusha nalo kutoka vilimani, akaondoka ardhini kwa miguu yake mwenyewe. Mwaka uliofuata aliwaonyesha watu kwenye maonyesho ya ndege ya Oshkosh. Huko Ufaransa nako, mwaka 1978, warukaji wa parashuti wa Mieussy waligundua kuwa hawahitaji ndege ya kuwapandisha, kwani mteremko wa mlima ulitosha. Katika miaka ya 1980 mambo hayo mawili yalikutana, paramota ikazaliwa.

Wakati huo sheria ilikwisha andikwa. Mwaka 1982 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani ilitoa kanuni iitwayo Sehemu ya 103. Ni fupi ajabu. Mwanafunzi angeimaliza kabla ya kengele ya mapumziko. Chombo chenye injini kisifike ratili 254, yaani kilo 115 hivi. Mafuta yasizidi galoni 5 za Kimarekani. Mwendo usipite kilometa 102 kwa saa. Abebwe mtu mmoja tu, tena kwa michezo na burudani, si kwa biashara. Asiruke usiku, wala juu ya mji au mkusanyiko wa watu. Asiingie katika anga inayoongozwa ya viwanja vya ndege bila idhini, na aipishe kila ndege. Leseni haitakiwi, wala mafunzo.

Nadhani msomaji ataiona hoja iliyofichika humo. Sheria haimlindi anayeruka. Inawalinda walio chini yake na walio kando yake. Akiamua kuvunjika shingo shambani peke yake, hiyo ni shauri yake. Sisi tuliolelewa kwamba shingo ya mtu ni mali ya ukoo mzima, fikira hiyo hututia ubaridi. Hata hivyo serikali ile haikusema kwamba mafunzo ni upuuzi. Ilitamka wazi kuwa inawategemea warukaji wenyewe wafundishane na kuonyana, na kwamba wakishindwa, kanuni kali zaidi zingefuata.

Na ya kufundishana ni mengi. Pangaboi limekata vidole na mikono ya watu walioiwasha injini kwa papara. Aangukaye majini akiwa amefungwa mikanda, na injini mgongoni, huzama upesi. Mchana wa jua kali hewa huchemka na bawa laweza kukunjika, ndiyo maana wenye busara huruka asubuhi na jioni. Mwalimu mzuri humweka mwanafunzi uwanjani siku kadhaa bila injini, akilisimamisha bawa katika upepo kama mtoto na tiara yake, mpaka mikono ielewe yenyewe. Vyama vyao hutoa ngazi za ujuzi, lakini ni za hiari.

Jambo lililonigusa ni safari ya kwanza. Chombo ni cha mtu mmoja, na kubeba wawili huhitaji kibali maalumu. Basi mara nyingi mwanafunzi hupaa peke yake, mwalimu amebaki chini na redio mkononi, akimwambia vuta kulia, legeza, ongeza moto. Chuoni kwetu, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi alikaa dawati la nyuma kabisa. Mwalimu mwanafunzi akitetereka, tuliweza kusimama na kulishika somo. Huyu wa redio hana la kushika.

Wafaransa walichagua njia nyingine. Kwao paramota ni ndege nyepesi. Rubani hufanya mtihani wa nadharia, hupimwa na mkufunzi, ndipo hupewa leseni. Ningeulizwa, ningekaa upande wao bila kusita, ingawa naona wivu kidogo kwa wale wa Marekani. Zaidi ya miaka 40 imepita tangu onyo lile la 1982, na mrukaji wa peke yake huko hajaulizwa cheti bado.