Asprini na Sindano za Urembo: Stori Ilianza Zamani

Staa anatoka kuchoma botox, kesho yake pembeni ya jicho pamevilia damu, mtandaoni wanasema kapigwa. Kumbe huenda ni asprini tu aliyomeza juzi! Bayer waliitengeneza Ujerumani mwaka 1897, enzi za Mjerumani Tanganyika. Watu wakaimeza miaka zaidi ya 70 bila kujua inafanyaje kazi, hadi Mwingereza John Vane alipoeleza mwaka 1971, na 1982 akabeba Nobel. Inazuia chembe sahani za damu zisishikamane, na chembe hizo huishi siku 7 hadi 10. Ndo maana wachoma sindano husema iachwe wiki nzima kabla, na mafuta ya samaki pia. Ila aliyeandikiwa kwa ajili ya moyo asiiache bila daktari wake, bora jicho livilie.