Jina la Ziwa Kivu

Waingereza walipofika kwenye maziwa ya inchi zetu waliyapa majina ya wakubwa wao: Speke akasema Victoria, Baker akasema Albert, Stanley akasema Edward. Kivu halikupata jina la mfalme yeyote. Tuangalie sababu yake.

Ziwa hili limekaa juu sana milimani, metri 1460 hivi, kupita Victoria, Edward, Albert na Tanganyika. Zamani za kale maji yake yalikuwa yakishuka kaskazini, kwa upande wa Nili. Kisha milima ya moto ya Virunga ikainuka, ikaziba njia. Maji yakapanda, yakajaza mabonde, na vichwa vya vilima vikabaki visiwa. Ndiyo sababu ufuko wake una pembe nyingi namna ile. Mwishoni yakapata mlango kusini, pale Bukavu, na tangu hapo yanashuka kwa Ruzizi mpaka Tanganyika, halafu mpaka mto Kongo. Livingstone na Stanley walifika kwenye kinywa cha Ruzizi mwaka wa 1871, wakaona kwamba unaingia Tanganyika, hautoki. Lakini hawakuufuata mpaka chanzo chake.

Basi mwaka wa 1885 mpaka wa Kongo ulichorwa kwenye karata na watu wasioliona ziwa! Mdachi von Götzen alilifikia mwaka wa 1894, na jina akalikuta tayari midomoni mwa wenyeji. Wengi wanafasiri kwamba kivu ni «ziwa» tu. Kama ni hivyo, tukisema Ziwa Kivu tunasema Ziwa Ziwa. Kwetu si ajabu: mtoto nyumbani haiti baba yake kwa jina, anasema baba, na wote wanajua ni nani. Ugomvi wa Wabelgiji na Wadachi ulikwisha mwaka wa 1910. Maji yakakatwa katikati, na kisiwa kikubwa cha Idjwi kikawa cha Kongo.

Hapa wenye kusoma vitabu vya zamani vya misioni waangalie vizuri. Vikariati ya Kivu iliyoundwa mwaka wa 1912, chini ya Monsinyori Hirth, haikuwa ya Bukavu. Ilikuwa Ruanda na Urundi, mpaka ilipogawanywa mwaka wa 1922. Mtu akiona «Kivu» katika barua ya miaka ile, asitafute parokia zake upande wetu: azitafute Save, Nyundo, Kabgayi.

Baadaye jina likavuka maji, likashika vikariati ya upande wa Kongo, na tena jimbo la serkali, ambalo kwanza liliitwa Costermansville. Likapanuka hata mbali na ziwa. Mwaka wa 1988 jimbo lile likagawanywa kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Maniema haina hata kipande kimoja cha ufuko wa ziwa hilo, na watu wake walikuwa wamehesabiwa wa Kivu miaka mingi.