Mgeni Asiye na Hati: Historia ya Taarifa za Mpakani, kutoka Tunduma hadi Saza

1. Swali lenyewe

Ulinzi wa mpaka huanza na habari. Kabla askari hajasimamisha gari, na kabla afisa wa uhamiaji hajafungua daftari lake, lazima pawepo mtu anayejua nani anakuja, anatoka wapi, anakwenda wapi na nani anamsindikiza. Haki ya taifa kuuliza maswali hayo haina ubishi. Nchi yetu, iliyopakana na koloni la Wareno mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, inajua vizuri gharama ya kulala mlango wazi.

Lakini liko swali la pili ambalo makada wengi hawalifikishi mwisho. Habari hizo zikishakusanywa, zinamtumikia nani? Na yule mgeni mwenyewe, ambaye hana pasipoti wala kibali, kwa nini azitoe? Tukilijibu swali hili kwa hisia tutaishia kwenye mabishano ya huruma na ukali. Tulijibu kwa historia.

Historia tunayoitumia ni ya sehemu moja ya kusini-magharibi ya nchi yetu: njia inayoanzia Tunduma na kuingia ndani mpaka machimbo ya Saza. Tumeichagua Saza kwa makusudi. Saza haiko mpakani. Iko katika Wilaya ya Songwe, iliyokuwa zamani sehemu ya Chunya, na tangu 2016 imo pamoja na Tunduma katika Mkoa wa Songwe. Lakini mahali penye dhahabu watu hawaulizani sana walikotoka, maana karibu kila mtu amekuja. Kwa hiyo mpaka usiofanya kazi yake Tunduma huhamia kwenye maduara ya wachimbaji, na mwenyekiti wa kitongoji hugeuka afisa wa uhamiaji bila kujua.

2. Ukoloni: habari kwa faida ya kampuni

Mpaka wa Tunduma haukuchorwa na wenyeji wake. Waingereza na Wajerumani walikubaliana tarehe 1 Julai 1890 kugawana nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na kwa mkataba huo Wanyamwanga wakajikuta wengine upande huu, wengine upande ule. Mtu aliyekwenda kumzika shangazi yake akawa amevuka mipaka ya dola mbili bila kutoka katika ukoo wake.

Katika miaka ya 1920 dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta watu. Walikuja wazungu wa kubahatisha, zikaja kampuni, na nyuma yao wakaja maelfu ya vibarua: wengine wa Tanganyika, wengine kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Hapo Saza penyewe mgodi wa New Saza ukawa mmojawapo wa migodi mikubwa ya dhahabu katika Tanganyika, mpaka ulipofungwa mwaka 1956. Vibarua wale hawakuwa na pasipoti. Hata hivyo serikali ya kikoloni haikuwaita haramu. Iliwahitaji. Iliandika juu yao kile ilichokihitaji tu: kama mtu amelipa kodi, na kama ametimiza siku zake za kazi katika kipande.

Wakati huohuo vijana wa nyanda za juu kusini walikuwa wakichukuliwa kwenda migodi ya Afrika Kusini na shirika ambalo wazee wetu wanalikumbuka kwa jina la Wenela. Hapo ukusanyaji wa habari za mapema ulikuwa umekamilika kabisa. Kabla kijana hajavuka mpaka wowote alikwisha kuandikwa jina na kijiji chake, alikwisha kupimwa afya yake, alikwisha kufungwa na mkataba. Kampuni ilimjua mpaka mapafu yake. Lakini ilimjua kama mkulima anavyomjua ng'ombe wa jembe: kwa nguvu zake na kwa siku atakazodumu. Tanganyika ilipojitawala ilifunga mlango huo.

Funzo la kwanza ni hili. Kumjua mtu mapema si lazima iwe ni kumlinda. Ubeberu ulikuwa hodari sana wa kuandika watu. Kosa halikuwa katika daftari. Lilikuwa katika mwenye daftari na shabaha yake.

3. Ukombozi: habari kwa faida ya wote wawili

Mwezi Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru wetu, ndege ndogo ilitua Mbeya ikitokea Bechuanaland. Ndani yake alikuwamo Nelson Mandela. Hakuwa na hati ya kusafiria. Kwa lugha ya ofisi za leo alikuwa mhamiaji asiye na kibali, tena anayetafutwa na polisi wa kwao. Lakini habari zake zilikuwa zimemtangulia. Ndugu John Mwakangale, mbunge na kiongozi wa TANU, alikwisha kupita hotelini kumwulizia kabla hata hawajaonana. Kutoka Mbeya Mandela alikwenda Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere, na Tanganyika ikampa karatasi ya kumtambulisha, inayomruhusu kutoka na kurudi.

Tuangalie upande wa pili wa safari hiyohiyo. Mwezi Novemba 1962 mahakama ya makaburu ilimhukumu Mandela miaka mitano: mitatu kwa kuchochea mgomo, na miwili kwa kutoka nchini bila hati. Safari moja, mtu mmoja, karatasi ileile aliyokosa. Pretoria ilimpa kifungo na Dar es Salaam ilimpa utambulisho. Uhalali wa msafiri haukuwa ndani ya mfuko wake. Ulikuwa katika siasa ya yule aliyemwuliza.

Wengi waliomfuata hawakupata ndege. Walipita nchi kavu: Bechuanaland, mto Zambezi, kisha Rhodesia ya Kaskazini, ambayo mpaka mwisho wa 1963 ilikuwa ndani ya Shirikisho lililotawaliwa na walowezi, halafu Tunduma. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya OAU iliwekwa Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikafunguliwa kambi ya wapigania uhuru pale Kongwa. Utaratibu uliokua pamoja na mambo haya ulikuwa na mantiki yake. Chama cha ukombozi kilimtambua mtu wake. Vyombo vya nchi vilimhoji. Umma, kupitia mashina ya nyumba kumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1960, ulijua nani amelala kwa nani. Habari zilitoka kwa mgeni zikaenda mahali palipomngoja.

Je, utaratibu huo ulikuwa mlegevu? Hata kidogo. Adui alikuwa kazini. Tarehe 3 Februari 1969 Ndugu Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mwezi Novemba 1970 Wareno waliivamia Guinea. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulizaliwa katika hali hiyo, nao uliwataka wananchi wawe macho. Wala tusiipambe historia yetu: Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi ya 1965 ilikuwa kali kama jina lake, ikiipa Serikali uwezo wa kumwamuru mkimbizi mahali pa kuishi na hata kumweka kizuizini. Ukarimu na tahadhari vilikaa nyumba moja, na mara nyingine viligombana.

Tofauti na ukoloni ilikuwa hii: mgeni alikuwa na sababu ya kusema kweli. Kusema jina lake, chama chake na njia aliyopitia kulimfungulia mlango. Aliyekuwa na hofu ya kuulizwa alikuwa jasusi. Kwa hiyo maswali yenyewe yalisaidia kuwatenga marafiki na maadui. Hilo ni jambo la kiulinzi, si la huruma tu, na kada anayelisahau hajaielewa historia ya Chama chake.

4. Leo: habari zimehamia kwa dalali

Tangu mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Mfanyabiashara mwenye hati na dereva wa lori hukaguliwa mahali pamoja badala ya mara mbili. Ni maendeleo ya kweli. Lakini kituo kizuri humhudumia anayekifikia. Kijana wa Ethiopia anayeelekea Afrika Kusini hakifikii. Yeye hupita njia za panya, au ndani ya kontena.

Twende kwenye matukio. Mwezi Juni 2012 zaidi ya watu 40, wengi wao Waethiopia, walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa baada ya kusafirishwa ndani ya lori. Miili yao ilitupwa porini Chitego, Wilaya ya Kongwa. Mwezi Machi 2020 maiti 64 za Waethiopia zilikutwa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Mwezi Oktoba 2022 lilifukuliwa kaburi la halaiki huko Mzimba, Malawi, na mwezi Desemba mwaka huohuo miili 27 ilitupwa kando ya barabara nje ya Lusaka.

Tusome tena jina la wilaya ile ya kwanza: Kongwa. Wilaya iliyowapokea wapigania uhuru wasio na hati mwaka 1964 ndiyo ilikotupwa miili ya wasio na hati mwaka 2012. Ardhi haikubadilika. Kilichobadilika ni nani anayejua habari za msafiri.

Leo anayezijua mapema ni msafirishaji haramu. Anajua jina la kijana, kijiji chake, simu ya baba yake, kiasi cha fedha kilicholipwa na kilichobaki. Anajua lori gani litabeba na usiku gani. Taifa hupata habari mwishoni, na mara nyingine huzipata kutoka kwa maiti. Kwa nini kijana amwambie dalali kila kitu na asimwambie afisa neno? Si kwa sababu dalali ni mwema. Dalali ni kupe. Ni kwa sababu kwa dalali habari hununua safari, na kwa afisa anaamini zitanunua kifungo chini ya Sheria ya Uhamiaji ya 1995.

5. Mfano wa Marekani

Baadhi ya wanafunzi hudhani kwamba tatizo hili litaondolewa na mitambo. Tutazame nchi yenye mitambo mingi kuliko zote. Kuanzia Januari 2023 Marekani iliwataka watu wasio na hati walioko Mexico watoe habari zao mapema kwa programu ya simu iliyoitwa CBP One: jina, tarehe ya kuzaliwa, picha ya uso, kisha wangoje siku ya kufika kituoni. Zaidi ya watu 900,000 waliingia kwa utaratibu huo. Walitii. Walisema ukweli kabla ya kuulizwa mlangoni.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ilipoapishwa, miadi yote iliyobaki ilifutwa. Mwezi Machi programu hiyohiyo ikageuzwa jina na kazi, ikawa chombo cha kuwataka watu waondoke wenyewe. Na mwezi Aprili wengi walioingia kwa njia hiyo walitumiwa taarifa kwamba ruhusa zao zimekwisha. Daftari la kupokelea liligeuka daftari la kufukuzia. Swali la kujiuliza: kijana mwingine atakayefika kwenye mpaka ule mwaka kesho, atajaza habari zake, au atamtafuta dalali?

Hapa tunarudi kwenye msingi uleule wa Wenela na wa Mbeya. Chombo cha kukusanyia habari, kiwe kipande, daftari au simu, hakina siasa yake chenyewe. Huchukua siasa ya mwenye nacho.

6. Kazi ya kada

Watakuwapo watakaosema: je, wahalifu na magaidi? Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake limo katika sehemu ya tatu ya makala hii. Mwaka 1969 adui alikuwa na mabomu, na bado hatukumfanya kila mgeni kuwa adui. Kijana wa Hosaena aliyeuza ng'ombe wa familia ili afike Johannesburg hana siri ya kijeshi. Lakini ana habari moja yenye thamani kubwa kwa usalama wetu: anamjua aliyemsafirisha. Tukimhoji juu ya kosa lake peke yake tutapata mfungwa mmoja. Tukimhoji kama shahidi tutapata mtandao.

Kwa hiyo kada aliyeko Tunduma, Vwawa au Saza ana kazi tatu. Kwanza, awaelimishe viongozi wa vitongoji na wachimbaji kwamba kumtaja mgeni aliye hatarini ni kumwokoa, na ahakikishe kwamba vitendo vinafanana na maneno hayo. Pili, atofautishe daima kati ya anayesafirishwa na anayesafirisha. Mmoja ni bidhaa, mwingine ni mfanyabiashara. Tatu, adai kwamba habari iliyochukuliwa kwa ahadi ya ulinzi isitumike kwa jambo lingine, maana ahadi moja ikivunjwa Tunduma husikika Moyale kabla ya mwezi kuisha.

Wanafunzi wanaosoma makala hii katika vikundi waanze na swali dogo: katika shina lenu, mgeni aliyefika jana usiku akiwa na njaa na hofu, angemweleza nani habari zake kwanza? Jibu lao ndilo kipimo cha ulinzi wa mahali hapo.