Kichochoro chenye matoleo manne

Nilishuka Kwa Mtogole, Tandale, Dar es Salaam, saa mbili na nusu asubuhi, begani kompyuta mpakato, mfukoni karatasi moja. Karatasi yenyewe nilikuwa nimeichapisha jana yake steshenari, na dada wa pale akaniuliza kama hizo ni tokeni za LUKU, maana ilikuwa tarakimu juu ya tarakimu. Nikamwambia ni historia ya kichochoro. Akanipa chenji bila kuuliza tena.

OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na yeyote mwenye nia, na ina tabia moja ninayoipenda: haisahau. Ukisogeza kona ya nyumba leo, mchoro wa jana unabaki, pamoja na tarehe yake na jina la aliyeuchora. Kichochoro nilichokuwa nakifuata, kinachotoka barabarani kuteremkia Mto Ng'ombe, kina matoleo manne. La kwanza ni la Agosti 2011. Pale ramani inapoandika chombo alichotumia mchoraji pana herufi nne: JOSM. Nilikuja Tandale kufuata kichochoro, na herufi hizo nne zikanipeleka mbali kuliko miguu yangu.

Ukimtajia Tandale mtu wa Mbezi au Tegeta atakujibu Diamond Platnumz. Mfanyabiashara wa Kibaigwa atakujibu mahindi na maharage. Kwa wachora ramani, Tandale ni mwaka 2011. Kabla ya hapo, kwenye ramani hiyo huria, kata nzima ilikuwa karibu tupu: barabara mbili tatu, kisha weupe, utadhani ni mbuga. Ndipo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakaungana na wakazi wa mitaa sita ya kata, wakagawiwa vifaa vya GPS, wakaanza kuingia uchochoro mmoja baada ya mwingine wakiandika mifereji, madampo, vyoo, maduka na visima. Waliowafundisha walitoka Ground Truth Initiative ya Erica Hagen na Mikel Maron, waliokuwa wamefanya kazi kama hiyo Kibera, Nairobi, mwaka 2009. Twaweza, Benki ya Dunia na shirika la CCI nao walikuwamo.

Kichochoro changu ni chembamba. Wakikutana watu wawili wenye ndoo, mmoja hana budi kujibanza ukutani. Katikati kuna kijiwe cha kahawa, benchi mbili na jiko la mkaa, na mzee mwenye birika. Nilimwamkia, nikaketi, nikamuuliza kama anawakumbuka vijana wa ramani.

"Nawakumbuka, mwanangu. Walikuwa wanatembea kama watu waliopoteza kitu."

Toleo la pili ni la 2015, wakati wa Ramani Huria, mradi uliozaliwa kwa sababu ya mafuriko: COSTECH, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na wanafunzi wa vyuo wakichora kata za Dar es Salaam zinazozama, ili ijulikane maji yanaingia wapi na yanatokea wapi. Kutoka hapo likazaliwa shirika la OpenMap Development Tanzania. Toleo la tatu limefuata baada ya mto kujengewa kingo za zege. La nne ni dogo, mtu kasahihisha jina tu. Mara zote nne chombo ni kilekile.

JOSM ilianza mwaka 2005 kwa mkono wa Mjerumani Immanuel Scholz, na herufi yake ya kwanza ni J ya Java. Yaani ramani ni huria, chombo cha kuichorea ni huria, lakini chombo kimesimama juu ya lugha ya programu ambayo, ile 2005, haikuwa huria hata kidogo. Java ilikuwa bure. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilikugawia bila senti, ila msimbo wenyewe ulibaki wa Sun, na Sun ndiyo iliyoamua nani aubadilishe na nani asiuguse. Ukijenga nyumba juu ya kiwanja cha namna hiyo, Tandale wanajua mwisho wake.

Richard Stallman, baba wa programu huria, aliliandika jambo hilo Aprili 2004 na kuliita mtego. Dawa ilikuwa imeshaanza kuchemshwa tangu 1998: mradi wa GNU Classpath, ambamo watu walikaa wakiandika upya maktaba nzima ya Java, faili kwa faili, bila kuchungulia msimbo wa Sun. Hebu fikiria kazi hiyo. Unajua chungu kinatakiwa kutoa pilau gani, hujaruhusiwa kuingia jikoni, na wageni wakionja wasijue kwamba mpishi si yuleyule. Mwaka 2005 wakfu wa Apache nao ukaanzisha Java yake huria, Harmony.

Kikwazo kikubwa kilikuwa mtihani. Ili toleo lako lihesabiwe kuwa Java halali, lazima lipite rundo la majaribio ambalo ufunguo wake alikuwa nao Sun. Apache waliomba kufanya mtihani huo bila masharti ya kuwabana watumiaji wao, wakanyimwa. Desemba 2010 walijiuzulu kwenye kamati inayosimamia lugha hiyo. Tayari Oktoba mwaka huohuo IBM, aliyekuwa nguzo ya Harmony, alikuwa amehamia kambi nyingine, na Novemba 2011 Harmony ikafungwa. Hata hivyo haikufa tupu. Google ilikuwa imechukua maktaba za Harmony na kuzitia ndani ya Android, kwa hiyo dereva wa bajaji aliyenipita pale mdomoni mwa kichochoro, kama bado ana simu ya Android ya mwaka 2013, ana kipande cha Harmony mfukoni. Kesi ya kampuni ya Oracle, iliyoinunua Sun mwaka 2010, dhidi ya Google juu ya Java iliyomo ndani ya Android ilianza mwaka huohuo na kuishia Mahakama ya Juu ya Marekani Aprili 2021, Google ikashinda.

Kambi aliyohamia IBM ni OpenJDK. Novemba 2006 Sun ilitangaza kuifungua Java chini ya leseni huria, na Mei 2007 sehemu kubwa ya msimbo ikatoka. Kama asilimia 4 ilibaki nyuma, ikiwamo sehemu ya kuchora herufi na ya sauti, kwa sababu Sun yenyewe ilikuwa imezinunua kwa wengine na haikuwa na haki ya kuzigawa. Ikawa kama gari ulilopewa bila kabureta. Juni 2007 wahandisi wa kampuni ya Red Hat wakaanzisha IcedTea: wakauchukua msimbo wa Sun, wakaziba matundu kwa vipande vya Classpath, na mwaka mmoja baadaye, Juni 2008, toleo lao likapita mtihani uleule ambao Apache walinyimwa. Hawakuruhusiwa kutumia jina la Java, ambalo ni jina la kahawa, basi wakajiita chai ya barafu. Nilipomsimulia mzee wa birika alicheka kwa heshima, kama mtu anavyocheka mzaha wa mgeni, halafu akaniuliza chai ya barafu inanywewaje.

Julai 2011, Java 7 ilipotoka, OpenJDK ndiyo iliyofanywa kipimo ambacho matoleo mengine yote yanalinganishwa nacho. Nakala ya pembeni ikawa nyumba kubwa. Wiki chache baadaye vijana wa Ardhi walikuwa hapa kichochoroni na GPS mkononi. Wala hawakuwa na sababu ya kujua.

Kahawa ya pili ilipokuja, na kashata yake, nilifungua kompyuta nijaribu kuchora kitu nilichokiona njiani: kivuko kidogo cha watembea kwa miguu ambacho ramani haikuwa nacho. JOSM ikawaka, na kabla ya ramani ikanitolea onyo. Java uliyonayo imepitwa na wakati, isasishe. Nikaliweka onyo pembeni, maana bando langu lilikuwa la siku moja.

Kuna njia nyingine kutoka Tandale hadi Java, na hii hupita dirisha la zahanati. Muuguzi akishakuhudumia, huandika mstari kwenye kitabu cha MTUHA, vile vitabu vikubwa vya taarifa za huduma za afya. Mwisho wa mwezi mistari hiyo hujumlishwa, na majumlisho yanaingizwa katika DHIS2, mfumo uliobuniwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kupikwa upya kwa mazingira yetu na timu iliyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 ulienea wilaya zote za nchi. DHIS2 imeandikwa kwa Java. Wagonjwa wa malaria wa mwezi uliopita, chanjo za watoto, akina mama waliojifungua, vyote vinapita juu ya msimbo ambao mtu fulani, mahali fulani, ameamka kuukarabati.

Na kuukarabati kukoje? Kila mwaka Januari, Aprili, Julai na Oktoba hutoka viraka vya usalama. Tundu likigunduliwa katika Java mpya, mara nyingi lipo pia katika Java ya zamani, ila limekaa tofauti, kwa sababu msimbo unaolizunguka umebadilika. Kiraka hakiwezi kubandikwa hivyohivyo. Mtu hukaa, akakikata upya, akakijaribu, akakipeleka kwa mwenzake akikague. Ni kama fundi cherehani aliyeletewa suruali ya 2014 na kipande cha kitambaa cha mwaka huu. Java 8 ilitoka Machi 2014, na mpaka sasa ofisi nyingi zinaiendesha. Januari 2019 Oracle aliacha kuwapa viraka vyake vya bure wanaoitumia kibiashara. Kufikia Aprili, Red Hat ilikuwa imebeba uongozi wa Java 8 na 11 ndani ya OpenJDK. Watu wa London, kupitia chama chao cha watumiaji wa Java, walikuwa wamekwisha kuanzisha mradi wa kuzijenga nakala za OpenJDK na kuzigawa bure. Tangu 2021 zinaitwa Temurin.

Nilifanya kazi ofisi moja hapa mjini ambako uamuzi ule wa Oracle wa 2019 ulitupita kama upepo. Mfumo wa stoo ulikuwa unafanya kazi, nani aujali? Mwaka 2023 bei ya Oracle ilipobadilika na kuanza kuhesabiwa kwa idadi ya wafanyakazi wote wa kampuni, hata mlinzi na mfagizi, bosi aliniita na karatasi mkononi akiuliza hii Java ni nani na tunamdai au anatudai. Kuhamia nakala huria kulituchukua Jumamosi moja. Nilijisikia fundi mkubwa mpaka nilipokumbuka kwamba kazi ngumu waliifanya watu wengine miaka mingi kabla.

Njia yangu haikuishia Tandale. Ukipanda kupitia Sinza unafika Mlimani, na huko kuna kisa ambacho mwisho wake ni tofauti. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washauri wa Uswidi wa IT+46, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu za ofisini, huria, kwa Kiswahili. Katika nchi ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, si jambo dogo. Wataalamu wa Kiswahili walikaa na wataalamu wa kompyuta kuamua maneno, na kama umewahi kuwasikia watu wakibishana kati ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, unaweza kukisia vikao vyenyewe.

Jambo ilisimama juu ya OpenOffice 1.1.3. OpenOffice yenyewe ikasonga, ikawa 2, ikawa 3. Septemba 2010 watengenezaji wakamkimbia Oracle na kuanzisha LibreOffice. Kila toleo jipya lilileta maneno mapya ya kutafsiri, mengine ya zamani yakahamishwa, na Jambo ilihitaji mtu wa kuifuatisha kila mara, mwaka baada ya mwaka. Mradi una tarehe ya mwisho, programu haina. Sioni aibu kwa waliofanya kazi ile, na wala leseni haikuwa na kasoro. Fungua LibreOffice leo, tazama orodha ya lugha, utakuta Kiswahili cha Tanzania, sw-TZ. Jambo kama jina imekwisha, mbegu bado inachipua kwa kusuasua, nusu ya menyu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza. Mimi naitumia hivyohivyo, kwa ukaidi.

Nilirudi kwenye onyo la JOSM. Nikaunganisha simu, nikaenda kuchukua Temurin, na kile kimstari cha kupakua kikaanza kutambaa. Mzee alikuwa ameanza kuosha vikombe vya wateja wa asubuhi kwenye beseni. Aliinama kutazama kioo, akauliza kama ile mistari ni mtaa wetu. Nikamwonyesha kichochoro, mto, na mahali ninapotaka kuweka kivuko.

"Hapo umekosea," akasema, akigusa kioo kwa kidole kibichi. "Kivuko kiko huku, nyuma ya msikiti. Hicho unachokisema wewe ni mbao tu za msimu wa mvua, mwezi ujao hazipo."

Nikamuuliza kama ninaweza kuandika kwamba ni za muda. Akasema andika. Kimstari kilikuwa kimefika nusu, na bando lilikuwa limebaki robo.

"Bado unapakua?"

"Bado, mzee wangu."

Akanijazia kikombe.